Mwalimu Zima-Sauti

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila nyumba imekuwa kubwa kwa mtu mmoja, na najipikia mwenyewe, kwa hiyo usiulize nakula nini.

Barua hii ina ombi. Shule imepata projekta. Si mpya, imetoka kwenye ofisi fulani iliyohama, na picha yake ina doa la manjano upande wa kushoto, lakini inawaka. Mkuu wa shule aliifungia kabatini akisubiri wageni rasmi. Nilimganda kama kupe, mwisho akanipa ufunguo ili nimwache anywe chai yake. Sasa kila Jumatano mchana nina kidato cha pili kwa somo ambalo halina mtihani: kusoma picha.

Usicheke. Watoto hawa wanatazama picha kutwa kucha, kwenye mabango, kwenye simu za kaka zao, kwenye pakiti za sabuni, na hakuna aliyewahi kuwauliza wameona nini. Nilianza na tangazo la sabuni. Mama anatabasamu, shati jeupe liko kwenye kamba. Nikauliza, mnaona nini? Wakasema usafi. Nikawaambia usafi hauonekani, semeni mnachoona. Tulihangaika kipindi kizima mpaka tukafika kwenye vibanio, kivuli cha shati, na mikono ya mama isiyo na tone la maji. Ndipo mmoja akauliza, kama mikono yake ni mikavu, aliyefua ni nani? Nilitaka kumkumbatia.

Kanuni yangu ni moja: filamu yoyote tunaitazama kwanza bila sauti. Muziki unakuambia ulie wapi, mtangazaji anakuambia uamini nini. Ukizima sauti unabaki na macho yako. Kwanza sema unachoona, kisha sema unachodhani, na usichanganye hayo mawili. Kisha uliza ni nini kimeachwa nje ya fremu. Wamenipa jina la Mwalimu Zima-Sauti. Wameliandika hadi chini ya meza yangu, wakidhani siinami.

Ombi lenyewe ni hili. Filamu nilizokuwa nazo zimekwisha, na wewe unahariri video, nyumba yenu imejaa kamera. Nirekodie vipande vifupi vya maisha ya kawaida. Usiweke muziki, wala zile nyota mnazomwaga kwenye video za harusi. Weka kwenye flashi, tia kwenye bahasha, peleka ofisi ya mizigo ya basi. Itanifikia.

Simu yangu bado mbovu, iliingia kwenye ndoo ya maji. Wewe andika tu. Barua zako zote nazitunza kwenye faili.

Msalimie mumeo.

Baba yako


14 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nahariri harusi ya watu. Bibi harusi anataka aonekane mwembamba. Bwana harusi anataka mjomba wake aondolewe kabisa, wamegombana. Huyo mjomba yupo kila mahali, Baba. Nikimkata kwenye keki, anatokea kwenye zawadi.

Kuhusu simu, hebu tuambiane ukweli. Simu siku hizi zinauzwa hadi kwenye duka la mikate. Tangu niolewe simu yako haijapona. Kabla ya ndoo ya maji iliibiwa, na kabla haijaibiwa ulikuwa unapokea unaitika ndiyo, ndiyo, bila kusikiliza. Mara ya mwisho nilikuambia nina homa, sijainuka kitandani, ukanijibu vizuri sana mwanangu, hongera. Nilicheka. Tulipokata nikakaa na simu mkononi, sikucheka tena.

Najua ulisema mpiga picha za harusi hawezi kuwa mume wa mtu, kazi yake ni kula sherehe za wengine. Nilikubishia, nikaolewa naye. Kama bado una hasira niambie tugombane, yaishe. Usijifiche kwenye ndoo ya maji.

Mume wangu hajambo, yuko safarini na kamera zake kama kawaida. Anakusalimu.

Flashi hiyo. Ni jikoni kwangu, asubuhi. Hakuna kinachotokea, nachemsha chai nakunywa. Sijui watoto wa watu watasoma nini hapo.

Kifunguamimba wako, ambaye pia ni kitindamimba wako kwa kuwa hamkuongeza


22 Februari

Dada yangu,

Nakuandikia wewe kwa sababu huna wa kumwambia zaidi ya cherehani yako. Masikio yangu yamekwisha. La kushoto liliondoka zamani, unakumbuka ulivyokuwa ukinitania mezani. La kulia nililitegemea, nalo limefuata. Daktari ameniandikia kwenye karatasi kwamba halitarudi. Kifaa alichonipa kinanguruma tu, nimekirudisha kwenye boksi lake. Mlango ukibamizwa nahisi. Sauti ya mtu siipati hata akinipigia kelele.

Darasani nimejipanga. Anayejibu anaandika ubaoni, anayeongea anasimama mbele yangu na kunitazama, nami nasoma midomo. Wanadhani ni adabu. Somo langu la filamu bila sauti lilianzia hapo hapo, usimwambie mtu. Nililianza kwa hila, ila sasa naliamini kuliko yote niliyowahi kufundisha.

Mkuu akijua atanistaafisha kabla ya wakati. Halafu nirudi nyumba ile nikae na nani? Hapa angalau kuna watoto wananipita wakikimbia.

Na binti yetu hajui. Aliniambia kwenye simu kwamba anaumwa nikampongeza. Ameniandikia habari hiyo juzi, nikaona haya peke yangu chumbani. Lakini nikimwambia, namjua, atafunga virago aje kunitunza, aache ndoa yake changa kwa ajili ya mzee kiziwi. Sitaki aje kwa sababu hiyo. Niahidi utanyamaza.

Kaka yako


1 Machi

Kaka,

Barua yako nimeisoma mteja akiwa amesimama mbele yangu na gauni lililoshonwa upande mmoja tu, amenuna. Acha anune.

Nimenyamaza kama ulivyotaka, ila nakuambia wazi ahadi hii inanibana. Mwambie mtoto. Unamwonea huruma na kumbe ndiye anayelia. Yeye anadhani humtaki, kwa sababu ya simu. Mimi ni mwanamke, najua anavyowaza akikaa peke yake.

Na masikio ya kuondoka hayakufanyi mzee. Mzee ulikuwa tangu zamani.

Dada yako


6 Machi

Mwanangu,

Kidato cha pili wamekaa jikoni kwako kipindi kizima. Wameona sufuria yenye mpini uliofungwa waya. Wameona saa ya ukutani iliyosimama. Mwambie mumeo anunue betri. Wameona unafungua kabati la vyombo, mkono unakwenda kwenye vikombe viwili, unashika kimoja, unagusa cha pili, unakiacha.

Hilo la kikombe cha pili mimi sikuliona. Aliliona msichana wa dawati la nyuma, mkimya, wenzake wanamwita Hakimu kwa sababu hacheki ovyo. Alikuja ubaoni akaandika: Alitaka kuchukua viwili. Nikamuuliza, umeona au umedhani? Akafikiri, akafuta, akaandika: Mkono ulisimama. Nikawaambia mume wa huyu bibi yuko safarini kikazi. Wengine wakaridhika. Hakimu akarudi kwenye dawati lake akiwa hajaridhika.

Kuhusu hasira, sina. Mumeo nilimsema kwa sababu sikutaka uondoke, ningemsema hata angekuwa waziri. Simu ni mbovu tu, basi.

Tuma nyingine. Mikono yako ni ya marehemu mama yako mtupu, hata namna ya kufunika sufuria. Niliirudisha nyuma sehemu hiyo mara kadhaa watoto walipokwisha kutoka.

Baba yako


20 Machi

Shikamoo Baba,

Nimesoma habari za mkono wangu kusimama nikaenda kufua. Sikuwa hata na nguo chafu. Mwambie huyo Hakimu... Basi, usimwambie kitu.

Nakutumia nyingine. Hii si ya darasa, itazame wewe peke yako. Utaona mikono yangu na chumba. Uso sikuuweka, nisingeweza kuongea huku najitazama. Ndiyo, nimeongea humo, Baba. Kuna jambo siwezi kuliandika. Wewe barua unazitunza, na sitaki neno hili lilale kwenye faili lako miaka yote. Likisemwa linapita. Nimesema taratibu, na pahali fulani nimejirudia, utanisamehe.

Tazama mpaka mwisho uone nilichoweka karibu na mlango. Kisha nijibu. Hata neno moja linatosha.

Mtoto wako, anasubiri


29 Machi

Dada,

Kaa chini kwanza. Tunapata mjukuu.

Ametuma video, ameongea humo ndani. Nimeweka spika ya kompyuta sikioni mpaka ikanichubua, sikupata kitu ila mtetemo. Lakini picha imesema yote. Mikono yake inakunja nguo moja moja, taratibu sana, taulo, blanketi jepesi, vitambaa laini. Katikati anaacha kukunja, anajishika tumbo, anakaa hivyo muda mrefu. Mwishoni kamera inakwenda kwenye mkoba uliofungwa tayari, uko chini karibu na mlango. Marehemu mke wangu alifunga wa kwake vivyo hivyo, mapema kabisa, akauweka mlangoni nikawa najikwaa kila asubuhi. Na mtoto mwenyewe ameandika kwamba kuna jambo hawezi kuliandika. Ni jambo gani ambalo mwanamke halitangazi mapema?

Najua utasema nitafute mtu asikilize. Nimpe nani? Mkuu wa shule? Mwalimu wa hesabu, ambaye hata siri ya mshahara wa mtu haikai tumboni mwake? Mambo ya ndani ya mwanangu siyapeleki sokoni. Isitoshe, mimi ndiye ninayewafundisha watu kusoma picha bila sauti. Nishindwe na mkoba?

Sijafurahi hivi tangu nizikwe humu kwenye ukimya. Leo nimetembea uwanja mzima wa shule nikisalimia hata wasionijua.

Kaka yako


29 Machi

Mwanangu,

Nimetazama mpaka mwisho, peke yangu kama ulivyotaka. Nimeuona mkoba. Jambo lenyewe halitaki kutangazwa, na mimi sitalitaja. Nakuambia tu kwamba nimefurahi, nimefurahi mno.

Sasa tulia nyumbani kwako. Usisafiri, barabara ni mbovu na huku hakuna lolote la kufuata. Usibebe vitu vizito, hata huo mkoba. Kaa na mumeo, mvumiliane. Wakati kama huu ndio wa kuvumiliana.

Baba yako anayekupenda


7 Aprili

Kaka,

Hongera nimeiweka pembeni kwanza. Umeona mkoba. Mimba umeidhani. Si ndiyo hayo unayowakataza watoto wa watu?

Mwanamke anayejishika tumbo anaweza kuwa na njaa. Anaweza kuwa analia. Niletee hiyo flashi niisikilize mimi, na usimwandikie chochote kabla sijakujibu.

Dada yako


12 Aprili

Baba,

Barua yako imenifikia. Mkoba nimeufungua, nguo nimezirudisha kabatini. Nitatulia nyumbani kwangu kama ulivyosema.

Video nyingine sitaweza kutuma, kazi ni nyingi.

Binti yako


26 Mei

Mwanangu,

Hii ni barua nyingine, zile mbili hukuzijibu. Silalamiki. Najua sasa unachoka haraka na una mengi ya kuandaa.

Darasani tunatazama magazeti. Wiki hii tuliweka picha mbili za mgombea mmoja, moja imepigwa kutoka chini, nyingine kutoka juu ya ngazi. Kwenye ya kwanza wakasema ni kiongozi, kwenye ya pili wakasema amepotea njia.

Jioni, badala ya kusoma, nimekuwa nikiwasha jikoni kwako. Unachemsha chai yako, mimi nachemsha yangu. Nakungoja umalize kikombe ndipo nazima. Ningependa kujua kama ile saa imepata betri.

Niandikie, hata mstari.

Baba yako


19 Juni

Mwanangu,

Soma barua hii mpaka mwisho hata kama una hasira, na una haki ya kuwa nayo.

Mimi ni kiziwi. Hakuna ndoo ya maji, hakuna mwizi wa simu. Siku uliyoniambia una homa sikusikia neno hata moja, nilikuwa naitikia mtetemo. Shangazi yako ndiye pekee anayejua, nilimfunga mdomo. Na ile video yako niliitazama bila kusikia. Nilijua umeongea. Nikaona aibu kumpa mtu anisikilizie, nikajiambia picha inatosha. Niliona mkoba, niliona umejishika tumbo, nikasoma nilichokuwa nakitamani. Nilidhani una mimba. Barua yangu ya Machi niliiandika kwa mwanamke mjamzito aliyetulia na mumewe. Shangazi yako aliniandikia kwamba nimedhani, akaomba flashi. Nikajifanya sikuipata barua yake.

Nilivyojua ni hivi. Jana, Jumatano, nilikosa cha kuwaonyesha, nikavunja agizo lako. Nilichukua mwanzo tu wa video ile, unavyokunja nguo, nikitaka waone jinsi mikono inavyoweza kuzungumza. Nilikusudia kuizima kabla ya mkoba. Sikujua kwamba Mkuu amenunua spika kwa ajili ya mahafali, ikawekwa juu ya kabati la darasa hilo, na watoto wakaiunganisha wanifurahishe. Wamekuwa wakiomba sauti tangu mwaka uanze.

Nilisimama kando ya skrini nikiwatazama wao. Ndiyo kawaida yangu, filamu naijua, nyuso ndizo sizijui. Mwanzoni walikuwa wanatabasamu kwa ajili ya mshangao wao. Kisha tabasamu likawatoka, dawati moja baada ya jingine. Na macho yao hayakuwa kwenye skrini. Yalikuwa juu ya kabati, mahali ambapo hakuna cha kutazama. Halafu wote wakaniangalia mimi. Hakimu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Ulikuwa umekaribia kufika kwenye mkoba nilipochomoa waya. Nikasema, sijui kwa sauti gani maana siisikii ya kwangu pia: Mimi sisikii. Huyu ni mwanangu. Niambieni amesema nini.

Ndipo Hakimu akatoka nyuma, akachukua chaki, akaandika. Aliandika polepole, pahali pamoja akageuka kuwauliza wenzake, wakamwambia, akaendelea. Hakuongeza la kwake hata moja. Aliandika kwamba mumeo amehama, anaishi na mwanamke mwingine, anakuja tu kubadilisha kamera. Kwamba unapika kidogo, unaongea na kompyuta. Kwamba umefunga mkoba. Baba, naomba nirudi nyumbani. Ukisema njoo, nitakuja siku hiyo hiyo. Ukisema nikae, nitakaa, sitakusumbua tena. Neno nyumbani umelisema mara mbili, na yeye ameliandika mara mbili.

Alisubiri nimalize kusoma. Akafuta, akachukua kitambaa chenye maji akapangusa ubao wote, ili kidato kinachofuata kisikute alama.

Mkuu nimemwambia mwenyewe kabla hajaambiwa. Amesema tutaongea likizo ikifika. Sijui ataamua nini, na leo halinihusu.

Nakujibu sasa lile neno uliloliomba Machi. Njoo. Kama umeshaamua kubaki, au umekwenda kwingine, au hutaki tena kuniona, nitaelewa. Lakini kama hakuna kinachokuzuia isipokuwa barua yangu ile, ichane. Njoo nyumbani, mwanangu. Niko peke yangu na nimekukosa kuliko nilivyowahi kukuandikia.

Baba yako


1 Julai

Baba,

Sitakudanganya kwamba nilikusamehe nilipofika mwisho wa karatasi. Niliitupa chini ya meza, nikaiacha huko siku nzima, nikaiokota. Nilikuandikia wazi kwamba nimeongea. Ukaona heri ukisie kuliko mtu ajue huna masikio. Na mimi nikaona heri niiambie kamera kuliko kukuandikia neno ameniacha. Tumefanana, na wala sifurahii.

Nikueleze ilivyokuwa baada ya barua yako ya tulia nyumbani kwako. Niliposoma kwamba umefurahi mno, nilielewa kuwa umefurahi kwa sababu ulinionya na yametimia. Nikatulia. Mume wangu alirudi, akaja na huyo mwanamke, akasema nyumba ina vyumba vya kutosha. Sikubisha, nilijua sina pengine. Nikahamia chumba cha kompyuta. Mwezi wa tano akamwoa awe mke wa pili, na harusi yao ikaletwa kwenye meza yangu kama harusi nyingine yoyote, kwa kuwa hakuna mhariri mwingine hapa na mteja alikuwa mume wangu.

Nimeihariri, Baba. Nilizima sauti, bila hivyo nisingeweza. Nikajisemea ninachoona: gauni, viatu, mkono juu ya mkono. Kudhani sikufika. Bibi harusi nimempunguza unene kama wanavyopunguzwa wote. Shangazi wa mume wangu alinisifu mbele za watu kwamba nimetulia, nimekomaa. Nikaitikia kwamba baba yangu ndiye aliyenifundisha kuvumilia.

Hakuna mtoto. Nasikitika kwa hilo, kwa sababu nakujua, ulishaanza kumtafutia jina.

Nimejaribu kukumbuka ni lini uliisikia sauti yangu mara ya mwisho. Siku ya homa ulikuwa umeshanikosa. Kabla ya hapo ni ile siku naondoka, nilipokupigia kelele uani majirani wakachungulia, nikakuambia maneno ambayo sitaki yawe ndiyo ya mwisho. Kama ni yale, usiniambie. Nitajie siku nyingine yoyote, nitakuamini.

Nilimwambia mume wangu jana kwamba naondoka. Aliuliza nani atamalizia harusi ya Jumapili. Nikamwambia sijui.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Usije kituoni, utanitafuta kwenye kila dirisha na jua ni kali. Kaa nyumbani, ila mlango usiutie komeo. Sitabisha hodi, hutaisikia. Nitaingia tu, nisimame mbele yako mpaka uinue macho.

Mtoto wako